Ile Herufi J Kwenye Sarafu ya Guka

Tassia, Jumapili alasiri

Kimani mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda Gikomba kutafuta koti zito, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako mbele ya muuza mitumba, nina saa tatu nzuri za kuandika bila mtu kuniuliza ninaandika nini. Kesho saa kama hizi utakuwa umeshaingia ndani ya uwanja wa ndege, na mimi nitakuwa nje ya kioo nikimpungia mkono mtu ambaye si wewe. Macho yangu ya mbali yamechoka. Ya karibu bado yapo, na ndiyo yanayotulisha.

Mambo ya soksi, pasipoti, dawa ya kifua na kupiga simu kila wiki mama yako ameyamaliza. Ya kanisa ameyamaliza pasta. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelikwepa tangu ulipokuwa darasa la nne, uliporudi nyumbani ukaniuliza kama ni kweli guka wako, baba yangu, alifika Ujerumani, au ni stori tu za mtaani Kaloleni. Nilikuambia saa ya mteja imenishinda na unipishe mwanga. Ukaniuliza tena ulipoanza masomo ya Kijerumani. Nikakuambia umuulize cucu, mama yangu, na mimi nilijua vizuri kwamba cucu wakati huo alikuwa ameanza kuyasahau hata majina yetu.

Sasa unakwenda huko huko kusomea uuguzi miaka mitatu, na umesema ukipata nafasi utatafuta kama jina la guka liko mahali popote. Tafuta. Lakini kabla hujaanza kutafuta, ujue ni nani aliyemfanya aonekane mwongo. Ni mimi. Nimeliweka jambo hili rohoni miaka mingi, na sitaki uondoke ukiwa bado unadhani kwamba watu wa Kaloleni waliamka tu siku moja wakaacha kumwamini.

Sarafu iko hapa mezani mbele yangu, juu ya kile kitambaa cheusi ninachowekea skrubu. Nimeitazama leo kama vile sijawahi kuiona. Ni pana kuliko ile yetu ya shilingi arobaini na ni nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa sababu ni fedha iliyochanganywa na shaba. Upande mmoja mikono ya watu imeshikana na kufumana kama ukili, na pembeni kuna yale maandishi uliyonisomea: Michezo ya Olimpiki ya ishirini, 1972, Munich. Upande wa pili kuna tai. Na kwenye ukingo, pale ambapo mimi siku zote niliona mapambo tu, wewe ukaona maneno. Ukaizungusha polepole chini ya taa ukasema hicho si Kijerumani, ni Kilatini, maana yake kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi. Niliona aibu kidogo siku hiyo. Fundi wa saa, mtu wa lenzi, nimekaa na kitu miaka yote hiyo na sijawahi kukisoma ukingoni. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta upande wa tai, nikaacha kutazama.

Nilichokipata ni herufi moja ndogo. J.

Wewe hukumkuta guka, kwa hiyo nikueleze kazi yake. Mchana alikuwa fundi wa mabehewa ya reli. Jioni alikuwa mfunga mikono katika ukumbi wa Kaloleni. Bondia kabla ya kuvaa glavu hufungwa bendeji kuanzia kwenye kifundo mpaka kwenye vidole, na ikifungwa ovyo atavunjika kidole, ikikazwa sana mkono utakufa ganzi. Baba alikuwa anafunga huku anaongea mambo mengine kabisa. Akimaliza anakuambia kunja, fungua, kunja tena, na kama haikukaa sawa anaifungua yote na kuanza upya, hata kama huko nje jina lako limeshaitwa. Hakuwahi kulipwa kwa kazi hiyo na sikuwahi kumsikia akiuliza kwa nini.

Alisema timu ya ngumi ilipokwenda Munich walimchukua akafunge mikono. Stori yake yote ilikuwa ya dakika mbili. Alisema treni za kule zilifika kwa dakika yake, na alieleza jinsi mabehewa yao yalivyounganishwa, jambo ambalo hakuna mtu aliyetaka kulisikia ila yeye. Alisema alinunua soseji kwenye kibanda, akatoa noti, na mama aliyekuwa akiuza akamrudishia sarafu hii kama chenji. Hapo kwenye chenji ndipo watu walipocheka kila mara. Nani akupe kipande cha fedha kwa sababu ya soseji? Baba alikuwa anacheka nao, halafu anarudia vile vile: "Nilipewa chenji."

Basi ikawa desturi pale ukumbini. Kabla ya kumfunga bondia, baba alitoa sarafu kwenye mfuko wa shati na kumwambia, "Shika Munich kidogo." Unaishika kwa mkono wa kulia wakati wa kushoto unafungwa, kisha unaihamishia kwenye kiganja cha kushoto, juu ya bendeji, halafu unamrudishia. Nimewaona watu wazima, wazito, wenye pua zilizopinda, wakikataa kupanda ulingoni kwa sababu hawajashika Munich. Mimi mwenyewe niliishika mara mbili, na mara zote mbili nilipigwa, ndiyo maana nikawa fundi wa saa.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipoanza kujifunza kazi hiyo mjini, kwenye duka moja karibu na River Road. Bosi alinipa lenzi ya kubana jichoni, na nakuambia ukweli, ilinipanda kichwani. Nilitazama kila kitu. Nilitazama mbegu za nyanya, kucha zangu, noti, meno ya mdogo wangu Njoroge. Jumamosi moja asubuhi nikaichukua sarafu ya baba kwenye kopo lake bila kumuomba, nikaenda nayo kazini. Ndipo nilipoiona hiyo J karibu na tai, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na nikataka kujua ni ya nini.

Duka la pili kutoka letu kulikuwa na mzee Mhindi aliyeuza stempu na sarafu kuukuu, na alikuwa na kitabu kinene kama cha ramani. Nikamuuliza. Alifurahi sana kuulizwa. Akaniambia Wajerumani walikuwa na viwanda vinne vilivyopiga sarafu hizi, na kila kiwanda kina herufi yake. F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, D ni Munich.

"Na J?"

"J ni Hamburg," akasema. "Sasa ngoja." Akanyanyua kidole huku anafungua ukurasa mwingine.

Sikungoja. Nilimshukuru nikatoka, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshafika mwisho. Sarafu ni ya Hamburg, kwa hiyo baba hakufika Munich. Mwanangu, nimetengeneza saa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona kitu kilichovunjika haraka kuliko akili yangu asubuhi ile.

Alasiri nikapita ukumbini. Baba alikuwa anamfunga Otieno, huyu huyu Anko Oti ambaye kesho atatupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, wakati huo akiwa mwembamba na mwenye meno yote. Baba alikuwa amemaliza mkono wa kushoto. Aliponiona na sarafu akashusha pumzi, nadhani alikuwa ameitafuta tangu asubuhi.

"Kumbe iko nawe. Mpe Otieno ashike Munich kidogo."

"Hiyo si Munich," nikasema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Hiyo ni Hamburg. Iko na J. Ya Munich ingekuwa na D."

"Umejuaje?" Otieno akauliza.

"Iko kwa kitabu. Nimeona na macho yangu."

Ningeishia hapo. Nikaongeza kwamba Hamburg ni mji wa bandari, na kwamba Mombasa mabaharia huuza kila kitu, hata sarafu. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. "Kumbe mzae ametubeba ufala miaka yote hii!" Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya mwanzoni, kilikuwa kile kicheko cha siku zote cha chenji na soseji, lakini safari hii baba hakucheka nao, na walipoona hacheki kikageuka.

Akaniangalia. "Umemaliza?"

Nikasema ndiyo.

Akachukua bendeji akaufunga mkono wa kulia wa Otieno, pole pole, mpaka mwisho. Kunja. Fungua. Kunja tena. Hangemwacha mtu na mkono mmoja. Kisha akanyoosha kiganja nikampa sarafu, akaitia mfukoni akaenda nyumbani, na hakuna mtu aliyewahi kuishika tena pale.

Tangu siku hiyo mtaani wakamwita Hamburg. "Niaje Hamburg," vijana walimsalimia alipotoka kazini, na yeye akawajibu vizuri, kama mtu aliyeitwa jina lake. Ilinikera kuliko kama angewatukana. Baada ya miezi kadhaa akaacha kwenda ukumbini, akasema magoti yanamsumbua. Hakunigombeza hata mara moja. Mama yangu ndiye aliyeniambia, siku moja akiosha vyombo, tena bila kunitazama: "Baba yako hajui kuongea mbele ya watu. Ulijua hivyo." Hilo tu.

Miaka tisa baadaye nilikuwa na meza yangu mwenyewe Donholm, nimeoa, najiona mtu. Nikaenda mjini kutafuta vipuri na nikampita yule mzee wa stempu, bado yuko, amezeeka. Sijui ni kitu gani kilichonifanya niingie. Nikamwambia niliwahi kumuuliza habari za sarafu ya Munich yenye J, na kwamba tangu hapo nilijua mwenye sarafu hakufika Munich.

Alinitazama kama mtu anayesikia Kiswahili cha nchi nyingine. Halafu akafungua droo, akatoa ile senti kumi ya zamani yenye tundu katikati, akaniwekea mbele. "Weka lenzi yako. Unaona nini?"

"H."

"H ni kiwanda cha Birmingham, Uingereza. Mama yako ni wa wapi?"

"Murang'a."

"Alinunua chumvi na hizi?"

"Kila mtu alinunua chumvi na hizo."

"Basi niambie, mama yako alikwenda Birmingham mwaka gani?"

Akanieleza alichotaka kunieleza miaka tisa iliyopita, ukurasa ule ule. Herufi inakuambia sarafu ilipigwa wapi. Haikuambii ilitembea wapi wala nani alimpa nani. Sarafu za viwanda vyote vinne zilitawanywa Ujerumani nzima kupitia benki, mamilioni yake, kwa thamani ile ile iliyoandikwa juu yake. Zilikuwa pesa.

"Mtu angeweza kupewa kama chenji?" nikauliza.

"Kwa nini asipewe?"

"Hata kwa soseji?"

"Hata kwa soseji," akasema, na hakujua kwa nini nilikaa chini kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kujua. Saa ninazozifungua kila siku zimeandikwa Uswisi au Japani, na wenye nazo wengi hawajavuka Athi River. Sijawahi kumwambia mteja kwamba ameiba saa kwa sababu hajafika Japani.

Sasa nakuja mahali ambapo ni pagumu kwangu kuandika. Siku hiyo baba alikuwa hai. Alikuwa na miaka miwili mingine ya kuishi, na nilikwenda Kaloleni kumwona karibu kila Jumapili ya pili. Nilikunywa chai yake. Tulizungumza habari za redio yake iliyokuwa ikikoroma. Na sikumwambia. Mwanzoni nilijiambia kuna wageni. Halafu nikapata sababu ya heshima zaidi: nilitaka nimpelekee ushahidi. Niliwatafuta wazee waliofanya kazi naye reli, nikauliza nani ana picha ya timu. Nilitaka siku nitakayosema nilikosea, niweze kusema pia kwamba yeye alikuwa sahihi, na Otieno na wote wasikie. Nikawa naitafuta picha, naye anazidi kukonda. Njoroge alinipigia simu Jumatano, nikiwa nabadilisha betri ya saa ya mwanamke mmoja. Nilimaliza kuibadilisha, nikafunga kifuniko, nikamrudishia, na sikumbuki kama alinilipa.

Nimekuwa na muda mrefu wa kuifikiria ile miaka miwili. Hiyo naiona ni mbaya kuliko siku ya ukumbini. Ukumbini nilikuwa mjinga wa miaka ishirini. Baadaye nilikuwa mtu mzima aliyeamini kwamba kuomba msamaha kunasubiri matokeo, kwamba kwanza tuthibitishe kama mzee alifika Munich ndipo tujue kama nina kosa. Hata kama baba hakuwahi kutoka Kaloleni maisha yake yote, hata kama kweli aliuziwa na baharia, nilimvua nguo mbele ya watu aliowafunga mikono. Hilo lilikuwa kosa tangu dakika ile, na halikuhitaji kitabu chochote. Nilihitaji kusema neno moja, na nilikuwa nalo muda wote.

Usidhani hamu ya kujua imeniisha. Mimi ni mtu wa lenzi, nitakufa nayo. Leo nimeona mkwaruzo karibu na mguu wa tai ambao sikuwahi kuuona, na nimekaa nikijiuliza ni funguo za nani zilizokaa nayo mfuko mmoja. Najiuliza ilipotoka Hamburg ilipita mikononi mwa nani mpaka kwenye kile kibanda, kama kilikuwepo. Tena kuna jambo sijakuambia. Mwezi uliopita uliponisomea jina la Munich kwa Kijerumani, lile "München" lenye u ya kubana midomo, nilishtuka mpaka nikaangusha kibano. Baba alikuwa akilitamka hivyo hivyo. Hakuwa na Kijerumani kingine chochote. Labda alifunzwa na padri fulani, labda alisikia redioni. Au labda alisimama mahali ambapo watu wote walilisema hivyo. Ukipata jina lake huko, niandikie siku hiyo hiyo. Ukikosa, niandikie vile vile.

Sarafu unakwenda nayo. Usiisugue, huo weusi ni umri wake. Usiitumie kumshinda mtu mjadala.

Limebaki jambo la jina lako. Unajua kwetu kifungua mimba wa kiume anapewa jina la baba wa baba yake, na mzazi humwita mtoto huyo baba, kwa sababu baba yake amerudi nyumbani. Umemsikia Njoroge, Kimani wake akichelewa kurudi kidogo tu: "Baba, ulikuwa wapi?" Mimi nimekuita Kimani siku zote. Mama yako aliniuliza ulipokuwa mchanga kwa nini sikuiti baba, nikamwambia hayo ni mambo ya mashambani, sisi ni watu wa Nairobi. Ulikuwa uongo. Ulizaliwa mwaka mmoja baada ya kumzika. Nesi alipokuweka mikononi mwangu nilifungua mdomo nikuite, nikaona siwezi kulitamka neno hilo huku sijamwambia baba mwenyewe lile lingine, la nisamehe. Nikafunga mdomo. Umekua ukiitwa kama mtoto wa jirani, na najua umeliona, maana wewe huona kila kitu. Halikuwa kosa lako hata kidogo. Nisamehe kwa hilo pia.

Nitakupa barua hii leo jioni ili kesho usishtuke. Pale uwanja wa ndege atakuwepo Njoroge na watu wake, mama yako, na Otieno, ambaye mikono yake yote miwili ilifungwa siku ile. Nilimkosea guka wako mbele ya watu, kwa hiyo sitaki kuyamaliza haya chumbani. Nitakutilia sarafu kwenye kiganja na nitasema, wote wasikie. Usiniambie haina neno, wala usinitetee. Nyamaza tu, kama yeye angenyamaza, mpaka nimalize.

Nimejaribu kulisema hapa mezani, peke yangu, sauti ikakataa mara mbili. Basi acha niliandike kwanza, mkono uzoee.

Baba, nilikukosea. Naomba unisamehe.

Mwanao,
Mwangi